Kurekodi kwa emuleta ya flopi kwenye piano za zamani zinazojipiga zenyewe: kusoma rahisi, kuandika ndo kuna kazi

nyundo88 #1

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuweka pembeni miezi kadhaa maana sikutaka kuja kuandika kitu ambacho mwenyewe sijakihakikisha, ila sasa naona nimefika mahali naweza kusema nilichojifunza, na kuna jambo moja limeniuma ambalo sitaki limkute mwingine.

Nina piano ya akustika ya mwanzoni mwa miaka ya 90, zile zinazojipiga zenyewe. Nyundo za kweli, nyuzi za kweli, sumaku za umeme zinasukuma vibonyezo kutokea nyuma, na ina sensa kwa hiyo ukipiga wewe inakurekodi. Kumbukumbu yake yote ni draivu ya flopi ya inchi 3.5 basi, hamna USB, hamna kadi, hamna kitu kingine. Mwalimu wangu wa piano enzi hizo alikuwa ananirekodia mkono wa kushoto peke yake, mi nikifika nyumbani naweka diski, piano inapiga kushoto mi napiga kulia. Nilikuwa na diski kumi na moja za namna hiyo. Mwalimu yupo, Mungu amjalie, ila mikono yake haipigi tena. Kwa hiyo mkielewa zile diski kwangu ni nini mtaelewa kwa nini nimehangaika hivi.

Draivu ikaanza kukataa. Leo inasoma kesho haisomi, mara inafomati nusu inagoma. Ukifungua zile draivu nyingine unakuta mkanda wa raba umelegea au umeyeyuka kabisa, kichwa kina uchafu, grisi imekauka. Na diski zenyewe nazo zinazeeka, Sony waliacha kutengeneza flopi mwaka 2011 kwa hiyo ukinunua leo unanunua ya stoo. Nikaamua nifunge emuleta.

Kwa wasiojua, emuleta ya flopi ni kiboksi chenye umbo lilelile la draivu, kinakaa kwenye tundu lilelile, kinatumia utepe uleule wa waya, ila mbele badala ya mdomo wa diski kuna tundu la flashi na vibatani viwili na kaskrini. Piano haijui kama flopi imeondoka. Yenyewe inaomba treki namba fulani, kiboksi kinaenda kusoma kwenye faili la imeji (faili moja lenye nakala ya diski nzima) ndani ya flashi kinaipa. Flashi moja ya GB 2 inabeba diski zaidi ya elfu mbili za KB 720, hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe. Mi nilichukua emuleta ya Gotek nikaweka fimwea (programu ya ndani ya kifaa) ya FlashFloppy.

Siku ya kwanza nikapakia imeji ya diski niliyokuwa nimeinakili, nikabonyeza plei, ikapiga. Nilisimama pale nikaisikiliza mpaka mwisho. Nikasema tayari nimemaliza, kumbe ndo kwanza, maana nilipobonyeza rekodi nikapiga dakika tano nikabonyeza stop ikanipa kosa, haijahifadhi chochote. Wiki tatu nzima kusoma inasoma, kuandika haiandiki. Yaani mwenye kusema "emuleta imefanya kazi" muulize kwanza umerekodi au umesikiliza tu?

Yaliyonikwamisha ni mawili, halafu la tatu ndo lililoniumiza.

La kwanza, ukubwa wa imeji. Nilikuwa nimetengeneza imeji tupu za MB 1.44 kwa sababu ndo kila mtu anatengeneza. Piano za umri ule nyingi zinajua diski ya KB 720 tu, treki 80, pande mbili, sekta 9, kila sekta baiti 512. Zidisha utapata baiti 737,280 kamili, na faili lako la imeji liwe na ukubwa huohuo bila baiti kuzidi wala kupungua, maana FlashFloppy inaangalia ukubwa wa faili ndo inaamua hii ni diski ya aina gani. Kwenye Linux au Mac unatengeneza tupu hivi:

dd if=/dev/zero of=DSKA0000.img bs=512 count=1440

Halafu USIIFOMATI kwenye kompyuta. Ipeleke tupu vilevile kwenye piano, piano yenyewe ndo iifomati. Sababu ni kwamba piano haiweki FAT (jedwali la mafaili kama la kompyuta) tu, inaweka na orodha yake ya nyimbo. Kwenye Disklavier (piano zinazojipiga za Yamaha) za zamani zinazotumia muundo wa faili wa E-SEQ hilo faili la orodha linaitwa PIANODIR.FIL, lisipokuwepo au likikosewa piano inaona diski haina kitu hata kama faili zipo.

La pili ni flashi yenyewe. Niliyoanza nayo ilikuwa ya bure nilipewa mahali, polepole sana kwenye kuandika vipande vidogovidogo. Flopi inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 200, na piano inategemea kitu chake kiandikwe ndani ya mwendo huo, sasa flashi ikisita sita pale katikati piano inaona diski mbovu inakata tamaa. Nilipobadilisha flashi, imeji ileile, mpangilio uleule, ikahifadhi mara ya kwanza. Nilikaa nikabaki naangalia ile namba ya wimbo kwenye kaskrini.

La tatu naandika posti inayofuata maana hii imekuwa ndefu.

---

nyundo88 #2

La tatu. Nilikuwa na imeji 000 ina mkono wa kushoto wa mwalimu, imeji 001 tupu nimeshaifomati. Nimesikiliza 000, nikabonyeza kibatani cha kwenda 001, nikarekodi, ikahifadhi vizuri. Nikarudi 000, nikarekodi na pale wimbo mmoja mwishoni kama jaribio. Kuja kuangalia, orodha ya 000 imekuwa orodha ya 001. Nyimbo za mwalimu hazionekani.

Kilichotokea ni hivi. Piano ikisoma diski inaishika orodha kichwani, kwenye memori yake. Flopi ya kweli ukiitoa kuna swichi inaijulisha piano diski imetoka, inafuta orodha, ukiweka nyingine inasoma upya. Kwenye emuleta ukibonyeza kibatani haraka haraka kutoka imeji moja kwenda nyingine, piano inaweza isijue kwamba diski imebadilika, inabaki na orodha ya zamani kichwani, halafu ukirekodi inaichukua hiyo orodha ya zamani inaibandika juu ya diski mpya. Ukisikiliza tu hamna madhara, utaona majina ya ajabu basi. Ukirekodi ndo umeharibu.

Kwa hiyo sasa hivi nafanya hivi kila mara: natoa imeji kwanza kwenye emuleta (kwenye FlashFloppy unabonyeza vibatani vyote viwili kwa pamoja), nasubiri mpaka piano iandike kwamba hamna diski, ndo nachagua imeji nyingine naiingiza, nasubiri isome, ndo narekodi. Piano isiposema hamna diski, usirekodi, ujue waya wa taarifa ya diski haujakaa sawa.

Nilikuwa na nakala ya 000 kwenye kompyuta, Mungu ni mwema. Ila zile dakika kumi kabla sijakumbuka kwamba ninayo, sitazisahau.

---

fundi_waya #3

Mkuu umeandika vizuri sana na hilo la orodha watu wengi hawalijui, niongezee upande wa nyaya maana ndo kazi yangu.

Hiyo taarifa ya diski kubadilika inapita pini ya 34. Shida ni kwamba pini ya 34 kwenye draivu za aina ya kompyuta inasema "diski imebadilika", ila kwenye draivu za aina ya Shugart inasema "niko tayari". Vyombo vya muziki vya zamani vingi vinataka ile ya "niko tayari". Ukikosea, piano aidha inasema hamna diski muda wote, aidha haishtuki diski ikibadilika kama ilivyomkuta mkuu hapo juu. Kwenye Gotek yenye FlashFloppy kuna jampa (kale ka kuunganisha pini mbili) ya JC, ikiwa wazi inakaa Shugart, ikifungwa inakaa kompyuta, au unaandika moja kwa moja kwenye faili la FF.CFG mstari wa interface. Jaribu zote mbili kabla hujatupa kifaa.

Pili, namba ya draivu. Jampa ya S0 na S1. Piano nyingine zinaita draivu namba 0, nyingine namba 1. Angalia draivu ya zamani swichi yake imekaa wapi, uiige.

Tatu, utepe ukiugeuza taa ya emuleta inawaka moja kwa moja haizimi. Haiungui, usiogope, zima piano geuza utepe. Ila umeme USIUGEUZE. Emuleta inataka volti 5 tu, na mpangilio wa plagi ya umeme kwenye vyombo vingine si ule wa kawaida, kwa hiyo chukua mita pima kabla hujachomeka. Na kuna piano ambazo hazina utepe wa pini 34, zina ule mwembamba bapa wa pini 26 unaobeba na umeme humohumo, hapo unahitaji kibao cha kubadilishia.

Na chomoa piano ukutani usubiri kabla ya kuingiza mkono, zile sumaku zina pawasaplai kubwa, kapasita zinabaki na chaji.

---

Zuhura_tungo #4

Asanteni sana. Samahani naomba kuuliza swali labda la kijinga, mimi piano yangu inajipiga vizuri kabisa ina draivu ya flopi, nimefunga emuleta, inapiga kila kitu, ila batani ya rekodi hamna kabisa. Je nikibadilisha fimwea itakuja?

---

fundi_waya #5

Si swali la kijinga dada, ni swali la muhimu kuliko yote. Hapana haitakuja.

Kujipiga na kurekodi ni vitu viwili tofauti. Kujipiga kunahitaji sumaku tu. Kurekodi kunahitaji sensa zinazoona kibonyezo kimeshuka kwa kasi gani, na pedali pia. Disklavier kwa kawaida zimetoka kiwandani na sensa za mwanga. Ila mifumo inayofungwa baadaye kwenye piano ya kawaida, kama PianoDisc au QRS, mingi iliuzwa ya kujipiga peke yake, na sensa zilikuwa za kuongeza kwa gharama nyingine, ule ukanda unaopita chini ya vibonyezo. Chungulia chini ya vibonyezo, ukiona ukanda mrefu wenye waya unaoenda kwenye kiboksi basi unaweza kurekodi, hata kama ni kwa kutokea tundu la MIDI (njia ya vyombo vya muziki kupelekeana noti kwa waya). Usipouona, emuleta haitakusaidia upande huo.

---

Zuhura_tungo #6

Nimechungulia na tochi, ukanda haupo. Sawa nimeelewa, bora nimejua kabla sijaendelea kuhangaika na mafaili ya mpangilio.

---

kinubi_cha_chuma #7

Mi nina mawazo tofauti kidogo, naomba msinielewe vibaya. Piano yenye sensa karibu zote zina MIDI OUT. Waya mmoja wa pini 5 kwenda kwenye kompyuta unarekodi kila kitu, hamna KB 720, hamna orodha, hamna pini 34, unaweza kuhariri noti iliyokosewa, unahifadhi popote. Sasa kwa nini mtu afungue piano yake, ahangaike na jampa, ili arekodi kwenye muundo wa faili ambao hata kompyuta haiusomi bila kuugeuza? Draivu ikifa iache ife, tumia MIDI.

---

nyundo88 #8

Mkuu hoja yako nzito na nimeifikiria muda mrefu, na kwa anayetaka kuhariri nakubali asilimia mia, atumie MIDI. Ila kuna mambo matatu kwangu yanapima upande wa pili.

Kurekodi mkono mmoja mmoja. Piano yangu ina batani za kushoto na kulia, unarekodi kushoto, unarudi mwanzo, inakupigia kushoto huku inarekodi kulia, vyote vinakaa kwenye wimbo mmoja. Kwenye kompyuta inawezekana pia, ila ukiirudishia piano kwa MIDI IN unakutana na ule ucheleweshaji. Disklavier inachelewesha makusudi kinachoingia kwa MIDI IN kama nusu sekunde, milisekunde 500, kwa sababu noti laini nyundo yake inachukua muda mrefu kufika kwenye uzi kuliko noti kali, kwa hiyo piano inahitaji kujua mapema ili zote zifike pamoja. Ni kitu cha akili sana kwa kusikiliza. Ila kwa mtu anayetaka kupiga juu ya kilichorekodiwa inabidi aisogeze kila kitu kwenye programu. Ikisoma diski yake mwenyewe piano inajipangia yenyewe na hilo hulisikii.

La pili, diski zilizopo. Mkono wa mwalimu uko kwenye diski, hauko kwenye kompyuta.

La tatu hili ni la moyo tu. Nikikaa usiku nikapata kitu nabonyeza batani moja, nyekundu inawaka, napiga. Nikianza kuwasha kompyuta na kutafuta waya, kile kitu kimeshaondoka. Sijui kwa wengine.

---

kinubi_cha_chuma #9

Hilo la tatu nakubaliana nalo kuliko yote aisee. Na la mkono mmoja sikuwa nimelifikiria, mi huwa narekodi mikono yote kwa pamoja.

---

sauti_ya_kale #10

Nimesoma uzi wote tangu juu. Niseme kuhusu kuokoa diski za zamani, maana naona watu wanakimbilia kufunga emuleta halafu diski ndo wanakumbuka mwisho, ingekuwa kinyume chake.

Watu wamekuwa wakitafuta namna ya kuhifadhi mkono wa mpigaji tangu zamani sana, kampuni ya Welte walitoa mfumo wao wa Welte-Mignon wa karatasi yenye matundu mwaka 1904, na zile karatasi baadhi zinapigika mpaka leo. Flopi ya mwaka 1992 haina uhakika huo, sumaku inafifia, ukungu unaota. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa kabla hata ya kununua emuleta ni kunakili.

Draivu ya flopi ya USB inatosha kwa diski ulizorekodi mwenyewe kama ni za KB 720 za kawaida. Sogeza kwanza kale kamlango ka plastiki ka kuzuia kuandika mpaka katundu kake kawe wazi. Soma sekta zote uwe na imeji ya baiti 737,280, usinakili mafaili peke yake kwa kuburuta, na kompyuta ikikuuliza unataka kufomati hii diski jibu HAPANA. Diski inayogoma usiilazimishe mara hamsini, ikiwa na ukungu kila ukiizungusha unaikwangua. Hapo tumia Greaseweazle au KryoFlux na draivu ya kweli iliyosafishwa, hivyo vinasoma mawimbi ya sumaku yenyewe badala ya kusubiri sekta iliyokamilika, unaweza kukusanya kipande hiki mzunguko huu na kile mzunguko mwingine.

Diski za nyimbo za kununua nyingi zina ulinzi wa kutonakiliwa kwa hiyo imeji ya kawaida inaweza isikubali, msishangae.

Na mwenye diski za HD (zile za MB 1.44) aliyeziba tundu kwa gundi ya karatasi ili zionekane za KB 720, anza na hizo. Sumaku ya diski ya HD inataka nguvu kubwa zaidi kuiandika, kwa hiyo kilichoandikwa kwa nguvu ya KB 720 kinashika kwa shida tangu siku ya kwanza.

---

nyundo88 #11

Mkuu nashukuru sana. Katika zile kumi na moja, mbili zilikuwa za kuzibwa tundu kama ulivyosema, na hizohizo ndo zilizonisumbua. Moja nimeipata yote kwa Greaseweazle. Nyingine imebaki na sekta nne hazisomeki, na bahati zilikuwa kwenye wimbo wa mwisho, wimbo unapiga unafika katikati unakatika.

---

pedali_nusu #12

Mi nimefuata maelekezo yote, imeji 737,280, piano imefomati, imehifadhi. Ila nikipeleka flashi kwenye kompyuta nikafungua imeji naona mafaili yana .FIL, programu ya MIDI haiyafungui. Nimekosea wapi?

---

sauti_ya_kale #13

Hujakosea popote ndugu, hiyo ndo E-SEQ. Ndani yake ni noti, kasi na pedali kama MIDI ila imefungwa kivyake. Kuna programu ndogo za bure za kuigeuza iwe MIDI ya kawaida na kurudisha. Ukirudisha kuelekea kwenye piano kumbuka mawili, majina ya faili yasizidi herufi nane na kiendelezi tatu, na MIDI iwe aina 0 yenye treki moja, ile ya aina 1 yenye treki nyingi piano nyingi za zamani haziielewi. Na kwa zile za E-SEQ peke yake lazima hiyo programu iandike na orodha upya, usitupie faili tu ndani ya imeji.

Unafanya kazi kwenye nakala lakini, si kwenye imeji ya asili.

---

fundi_waya #14

Na baada ya stop msubiri taa ya emuleta izime kabisa ndo mchomoe flashi au mzime piano. Nimeletewa imeji mbili mwezi huu zimekatika katikati kwa sababu hiyo tu. Imeji ambayo hutaki iguswe iwekee alama ya kusoma tu kwenye kompyuta, FlashFloppy inaiheshimu, piano itaiona kama diski iliyozuiwa kuandikwa kwa kale kamlango.

---

nyundo88 #15

Hilo la alama ya kusoma tu nimelifanya leo kwa imeji zote za mwalimu, nimejaribu kurekodi juu yake makusudi, piano ikakataa ikasema diski imezuiwa. Vizuri sana.

Taarifa ya mwisho. Jumapili nilimleta mwalimu. Nikamnakilia imeji moja iwe ya kurekodia, nikamwekea wimbo wake wa kwanza kabisa, mkono wa kushoto, mi nikapiga kulia na piano ikarekodi. Alisikiliza akaniambia nakimbia pale kwenye ukurasa wa pili, kama nilivyokuwa nakimbia zamani. Tumerudia mara nne. Ya nne ndo nimeihifadhi, iko imeji namba 012.